Namba yenye tarakimu kumi na saba

Wiki iliyopita niliwaachia namba hii: 12,345,678,987,654,321. Nilidhani mtaipita tu. Leo maswali yamezidi nafasi.

Habari za kazi, mwalimu. Mwanangu wa darasa la sita ameitazama namba yako akasema inagawanyika kwa 9 bila baki. Hata kalamu hakushika. Amebahatisha? (Mfanyabiashara wa nafaka, Kibaigwa)

Nzuri, ndugu yangu. Hajabahatisha, amejumlisha tarakimu. 1 hadi 9 ni 45, na 8 kushuka hadi 1 ni 36. Jumla 81, yaani 9 mara 9. Sababu unayo hapo hapo sokoni. Panga magunia 100 kwa mafungu ya tisa tisa: mafungu 11, gunia moja linabaki. Yakiwa 1,000, mafungu ni 111 na bado linabaki moja. Kila kumi, kila mia, kila elfu inakuachia gunia moja. Sasa leta magunia 345. Mamia matatu yanaacha 3, makumi manne yanaacha 4, ongeza yale 5 ya mwisho: masalio ni 12. Toa fungu moja zaidi, yanabaki 3, na hiyo ndiyo baki ya 345 ukigawa kwa 9. Kwa hiyo anayejumlisha tarakimu anahesabu masalio tu, mafungu ameshayaweka kando. Mtoto mnunulie soda.

Shikamoo mwalimu. Namba hiyo ina vigawo vingapi? (Mwanafunzi, Singida)

Marahaba. Vipo 45. Namba yetu ni kipeo cha pili cha 111,111,111 (yaani izidishe yenyewe kwa yenyewe), ambayo nayo ni 3 × 3 × 37 × 333,667, zote tasa, yaani hazigawanyiki bila baki ila kwa 1 na kwa zenyewe. Kwa hiyo ndani yake 3 imo mara nne, 37 mara mbili, 333,667 mara mbili. Ukiunda kigawo, 3 una njia tano za kuichukua (kuiacha kabisa nayo ni njia), hizo nyingine njia tatu tatu: 5 × 3 × 3.

Moja tisa zimetoa mlima mzuri, unapanda hadi 9 na kushuka. Moja kumi je? (Mwalimu mwenzako, Mpwapwa)

Unabomoka kileleni. Zidisha kwa mkono uone: mistari ya moja inapangwa, kila mstari ukisogea hatua moja kushoto, na safu ya katikati ndiyo ndefu kuliko zote. Moja zikiwa tisa, safu hiyo inatoa 9 na hakuna cha kubeba. Zikiwa kumi inatoa 10: unaandika 0, unabeba 1. Ile 9 ya kushoto inageuka 10, nayo inaandikwa 0, na 8 inayofuata inakuwa 9. Unapata 1,234,567,900,987,654,321. Upande wa kupandia, 8 imepotea.

Namba ya moja tupu inaweza kuwa tasa? (Fundi cherehani, Majengo)

Inaweza. 11 ni tasa, kisha unasubiri hadi moja 19, halafu 23, halafu 317. Moja tisa haziwezi, kwa sababu zinakatika vipande vitatu vya 111. Lakini usijidanganye kwamba idadi ya moja ikiwa tasa basi namba ni tasa. Nilishawahi kuliandika hilo ubaoni kwa chaki nzito, nikaumbuliwa na moja saba: 239 × 4,649.

Tasa kubwa kuliko zote ni ipi? (Mkulima wa zabibu, Hombolo)

Haipo, Euclid, mwanahisabati wa Ugiriki ya kale, alithibitisha zamani kwamba tasa hazina mwisho. Kubwa iliyojulikana ilitangazwa Oktoba 2024: 2 kwa kipeo cha 136,279,841, ukatoa 1. Ina tarakimu 41,024,320. Ukichapa 2,000 kwa ukurasa, kurasa zinapita 20,000. Ila tarakimu yake ya mwisho unaipata ukiwa unapogoa mizabibu. Vipeo vya 2 vinaishia 2, 4, 8, 6, kisha vinarudia. Gawa 136,279,841 kwa 4, baki ni 1, basi kipeo kinaishia 2. Toa 1: inaishia 1.