Jino la Muda Juu ya Kipandikizi: Maswali Yenu

Daktari, shikamoo. Shoga yangu aling'olewa jino la mbele akawekewa kipandikizi na jino siku hiyohiyo. Mimi nimeambiwa nisubiri miezi minne. Nani kadanganywa?

Marahaba. Hakuna aliyedanganywa. Kipandikizi ni skrubu ya titani inayokazwa ndani ya mfupa wa taya, na mfupa ndio wenye uamuzi. Brånemark wa Uswidi, mwanzilishi wa vipandikizi hivi, aliyeanza kutibu wagonjwa mwaka 1965, alikuwa akisubiri miezi 3 hadi 6 ndipo avishe jino. Siku hizi jino la muda, la kukaa hadi la kudumu livishwe, huwekwa mapema endapo skrubu imekaza barabara. Madaktari wengi hutaka nguvu ya kukazia ya nyutoni-sentimita 35 au zaidi. Mfupa wako ukiwa laini, au umeliwa na usaha, subira ni halali yako.

Jino langu la muda haligusani na la chini. Kwa nini nilipie jino lisilotafuna?

Lipia, tena kwa moyo mkunjufu, maana aliyekutengenezea anaijua kazi. Kipandikizi kichanga kikitikiswa kupita mikromita 150 hivi (milimita 0.15), mfupa hauking'ang'anii. Kinazungukwa na nyama ya nyuzinyuzi, na hapo kimekwisha. Hatari kubwa iko kati ya wiki ya pili na ya nne: mfupa uliokibana siku ya kwanza unaanza kuyeyuka, na mpya haujakomaa. Bahati mbaya, ndicho kipindi ambacho mgonjwa hasikii maumivu tena na anaanza kujaribu mishikaki.

Ndiyo maana daktari alikung'atisha ile karatasi ya rangi, akakwambia usogeze taya kushoto, kulia, mbele. Kila doa lililobaki kwenye jino la muda alilisaga. Jino hilo ni la kuchekea, na la kuishikilia fizi isianguke.

Mimi ni daktari mpya. Jino la muda nilifunge kwa skrubu au kwa saruji?

Skrubu. Saruji ikipenya chini ya fizi yenye jeraha huwezi kuitoa yote, na fizi itavimba. Funga silinda ya muda (bomba dogo linalokazwa juu ya kipandikizi), ziba tundu lake kwa utepe wa tefloni, tandaza kipande cha raba juu ya jeraha, kisha shikiza ganda la jino kwa akriliki (plastiki ya meno) kidogo tu. Likishashika lifungue, ujazie shingo, sehemu inayopita kwenye fizi, nje ya mdomo. Hapo shingoni ndipo wengi huharibu: wanaitunisha. Iache nyembamba, ibonyee kidogo kwa ndani, maana fizi ikisukumwa hukimbilia juu na jino la mbele huonekana refu kama la farasi. Ling'arishe sana, kaza kwa mkono, kisha usilifungue-fungue bila sababu.

Nikiwa na jino la muda, naweza kutafuna muwa?

Hapana. Wala mahindi ya kuchoma. Uji, ndizi za kupondwa, samaki na wali laini kwa wiki 6 hadi 8.

Jino la muda lilianza kucheza, nikalibandika kwa supaglu. Nimefanya vibaya?

Vibaya sana. Mara nyingi kinacholegea ni skrubu ndogo ya jino, na kuikaza ni kazi ya dakika chache. Sasa gundi imelifunika tundu lake na huenda imefika kwenye fizi. Nenda leo, usilivute mwenyewe. Kama kinachocheza ni kipandikizi chenyewe, kitatolewa, mfupa uachwe upone, ndipo muanze upya.