Usilipie kiolezo cha tovuti kabla hujajua utatokaje ndani yake

Mkuu, usilipe. Funga kwanza huo ukurasa wa malipo, usome hapa.

Kwa wanaoingia sasa: mtoa mada anajenga tovuti ya biashara kwa WordPress, mfumo wa kujengea na kuendesha tovuti. Amepata kiolezo, yaani sura ya tovuti iliyotengenezwa tayari, chenye demo (tovuti za mfano) zaidi ya 60, kijenzi chake cha kurasa cha kuburuta na kudondosha, slaidi, fomu, na sehemu maalumu ya kuonyesha kazi zilizokamilika, vyote kwa bei moja. Anauliza kama kinafaa, atumie rangi gani, achukue seva ya aina gani, na afanyeje asishinde kwenye skrini usiku na mchana. Wadau watatu wameshamjibu "kizuri, chukua". Hakuna aliyemuuliza itakuwaje siku akitaka kukiacha, na hapo ndipo penye gharama. Nimesafisha tovuti zilizojengwa kwa violezo vya namna hii na tatizo ni lilelile kila mara, ndiyo maana siwezi kupita kimya.

WordPress imetengenezwa ili maandishi yako yakae kwenye hifadhidata, na kiolezo kazi yake iwe kuyavisha tu. Ukibadilisha kiolezo, sura inabadilika na maneno yanabaki. Kijenzi kinachokuja ndani ya kiolezo mara nyingi huvunja mpango huo. Kinachanganya maneno yako na misimbo mifupi ambayo chenyewe tu ndicho kinajua kuitafsiri. Kikiwa kimewashwa unaona ukurasa mzuri. Kizime, na mgeni wako anaona kitu cha sura hii:

[safu][nguzo upana="1/2"][kichwa ukubwa="36" rangi="#c0392b"]Huduma zetu[/kichwa][nafasi urefu="40"]Tunatengeneza milango ya chuma[/nguzo][nguzo upana="1/2"][picha namba="418"][/nguzo][/safu]

Majina hutofautiana kutoka kijenzi hadi kijenzi, lakini umbo ndilo hilo. Angalia ile picha: imebaki namba 418 tu, jina la faili halipo. Hata ukifuta mabano yote kwa mkono, bado lazima uingie kwenye maktaba ya picha utafute namba 418 ni ipi. Kuna vijenzi vinavyohifadhi baadhi ya vipande vikiwa vimefumbwa kwa base64 (njia ya kugeuza data kuwa mfululizo wa herufi na tarakimu), kwa hiyo unakuta mistari ya herufi na tarakimu isiyosomeka kabisa, na ndani yake pengine kuna ramani yako au fomu yako. Mabano hayo hayaishii kwa wageni. Injini za utafutaji nazo huyasoma, na yanaweza kutokea kwenye maelezo mafupi chini ya jina la tovuti yako.

Sasa piga hesabu. Tuseme tovuti ina kurasa 90 na kila ukurasa unachukua dakika 20 kusafishwa: kufuta mabano, kurudisha vichwa, kutafuta picha, kukagua viungo. Hizo ni dakika 1,800, yaani saa 30 za kukaa mbele ya skrini ukifuta alama, bila kuongeza hata sentensi moja mpya. Uliuliza utapataje muda mbali na kompyuta. Muda huo unaupoteza siku ya kununua kiolezo, halafu unakuja kuulipa baadaye.

Hiyo sehemu ya kazi zilizokamilika ni mtego wa pili. Kama aina hiyo ya maudhui imesajiliwa ndani ya kiolezo chenyewe, ukibadilisha kiolezo menyu yake inatoweka kwenye dashibodi. Data bado ipo kwenye hifadhidata lakini huioni, na anwani zake zote zinarudisha 404, yaani kosa la "ukurasa haupo". Kila aliyekuwa ameweka kiungo cha kazi yako anaishia ukutani. Hifadhi rasmi ya violezo vya WordPress ina kanuni inayokataza jambo hili: aina mpya za maudhui na misimbo mifupi ni kazi ya programu-jalizi (vipande vya programu unavyoongeza kwenye WordPress), kiolezo hakiruhusiwi kuvibeba. Violezo vinavyouzwa kwenye masoko mengine havilazimiki kufuata kanuni hiyo, na vingi haviifuati.

Tena hizo programu-jalizi za kulipia unazoambiwa umepewa bure, mara nyingi hupewi leseni yako mwenyewe. Mwenye kiolezo ndiye mwenye leseni, na wewe unangoja yeye atoe toleo jipya la kiolezo ndipo upate sasisho. Akichelewa, tundu la usalama linabaki wazi. Hili limeshatokea kwa ukubwa. Mwaka 2014 Slider Revolution, programu-jalizi ya slaidi iliyokuwa imefungashwa ndani ya violezo vingi, iligundulika kuwa na tundu. Wenye tovuti wengi hawakujua hata kwamba wanayo. Desemba mwaka huohuo tundu hilo lilitumika kuambukiza tovuti kwa wingi, na Google ikaziwekea vikoa zaidi ya 11,000 alama ya hatari.

Wa kulaumiwa kwanza ni wauzaji wanaoandika "kina kila kitu, hutahitaji kingine". Wanajua vizuri kabisa misimbo yao inaacha nini nyuma, na hawaandiki popote. Ni sawa na mwenye nyumba asiyekwambia kwamba siku ukihama nguo zako zinabaki. Wa pili ni wale wa video za "violezo kumi bora" wanaopata kamisheni kila ukibofya kiungo chao. Wanafungua demo, wanashuka chini na juu mara mbili, wanasema "angalia inavyopendeza". Hakuna anayezima kitu mbele ya kamera. Demo imejazwa picha za mpiga picha hodari na vichwa vya maneno matatu. Picha hizo kwa kawaida hupewi, na vichwa vyako wewe vina maneno 11.

Kwa hiyo kanuni yangu ni moja na sitaacha kuirudia: kipime kiolezo kwa jinsi unavyotoka. Fanya hivi kabla hujalipa, au ndani ya muda wa kurudishiwa pesa kama muuzaji anaruhusu.

Fungua WordPress ya majaribio. WordPress Playground inaendesha mfumo mzima ndani ya kivinjari bila seva yoyote, ila ukifunga dirisha bila kuhifadhi, kazi inaweza kupotea. Weka kiolezo pamoja na kijenzi chake. Usipakie demo. Jenga ukurasa mmoja kwa maneno yako mwenyewe: kichwa kirefu kuliko vyote ulivyonavyo, aya tatu, jedwali la bei, picha mbili, kiungo kimoja, na huduma moja isiyo na picha kabisa. Hiyo isiyo na picha usiiruke, maana violezo vingi huacha shimo la kijivu mahali pake. Ongeza pia kazi moja kwenye ile sehemu ya kazi zilizokamilika na unakili anwani yake.

Halafu washa kiolezo kinachokuja na WordPress, kwa mfano Twenty Twenty-Five, na uzime programu-jalizi zote zilizoletwa na kile cha kununua. Fungua ukurasa wako tena. Ukiona vichwa, aya, jedwali, picha na kiungo, hata kama mpangilio umevurugika, hicho kinaweza kuachwa salama. Ukiona mabano, achana nacho. Ukiona ukurasa mtupu, kimbia, maana maneno yamewekwa mahali ambapo WordPress yenyewe haiyatafuti. Fungua na ile anwani ya kazi uliyonakili. Ikileta 404 umeshapata jibu la mtego wa pili.

Kisha hamisha maudhui kwa zana ya WordPress yenyewe, upate faili la XML (faili la maandishi lenye maudhui yako yote), ulifungue kwa kihariri cha maandishi cha kawaida. Tafuta sentensi yako moja. Ukiipata nzima na inasomeka, maneno ni yako. Ukiipata imekatwakatwa katikati ya misimbo, bado ni mali ya kijenzi.

Ndiyo maana nashauri kihariri cha bloku, unapojenga ukurasa kipande kwa kipande, kilichoingia na WordPress 5.0 mwaka 2018. Bloku zake za kawaida za aya, vichwa na picha huhifadhiwa kama HTML (lugha ya kawaida ya kurasa za wavuti) yenye maelezo yaliyofichwa pembeni, kwa hiyo hata kila kitu kikizimwa maneno yanabaki yakisomeka. Angalizo: bloku za ziada unazoongeza kwa programu-jalizi zipitishe kwenye jaribio hilohilo, baadhi zina tabia za vijenzi. Na CSS (maagizo ya rangi na mpangilio) uliyoandika kwenye sehemu ya CSS ya ziada inafungamana na kiolezo kilichopo, kwa hiyo inakili pembeni kabla hujabadilisha. Ukihariri faili za kiolezo moja kwa moja, sasisho la kwanza litafuta kila ulichogusa, kwa hiyo tengeneza kiolezo-mtoto, yaani kiolezo kidogo kinachorithi kile kikuu na kubeba mabadiliko yako.

Kasi ipime kwenye ukurasa wako wa majaribio ukiwa umewekwa mtandaoni, kwa PageSpeed Insights, zana ya Google ya kupima kasi, upande wa simu. Kitu kikubwa kuliko vyote kwenye skrini kionekane ndani ya sekunde 2.5, na alama ya kurukaruka kwa mpangilio (CLS) isizidi 0.1. Slaidi ya juu ndiyo huharibu namba zote mbili, iondoe. Rangi chagua unayoipenda mradi maandishi ya kawaida yapate utofauti wa mwanga wa angalau 4.5:1 na mandhari yake. Kijivu hafifu juu ya nyeupe kwenye demo nyingi hakifiki hapo, na nje kwenye jua la mchana hakisomeki kabisa.

Kama muuzaji hana nafasi ya majaribio, mwandikie swali hili kama lilivyo: "Nikizima kiolezo na kijenzi chenu, maandishi, picha na sehemu ya kazi zilizokamilika vinabaki wapi na kwa umbo gani?" Anayejua kazi yake atakujibu kwa sentensi mbili. Akikujibu kwamba hutahitaji kubadilisha, usimpe hata senti.

Mkuu, fanya jaribio, kisha weka hapa picha mbili za skrini: ukurasa kabla ya kuzima na baada ya kuzima. Weka na mistari kumi ya kwanza ya maudhui kutoka kwenye XML, ukitoa barua pepe na namba za simu. Nikiziona nitakwambia kipi kinaokoleka.