Difu ya 3.73 au 4.10 kwa pikapu ya dizeli inayovuta trela: anza na tairi

Mkuu, umeuliza kama ubaki na difu (gia za kwenye ekseli zinazozungusha magurudumu) ya 3.73 au uweke 4.10 kwenye pikapu yako ya dizeli, maana unavuta trela ya tani 3 na umeshafunga tairi za inchi 35 badala ya 265/70R17 zilizokuja na gari. Nusu ya jibu iko kwenye hizo tairi, kwa hiyo tuanzie huko.

Kwanza hakikisha difu uliyonayo ni ipi kweli. Namba hiyo ni meno ya kraunwili (gia kubwa ndani ya difu) kugawa kwa meno ya pinioni (gia ndogo inayoizungusha): 41 kwa 12 ni 3.42, 41 kwa 11 ni 3.73, 41 kwa 10 ni 4.10. Namba ikikua, difu ni ya nguvu. Ikipungua, ni ya mbio. Kama kibati chenye namba hiyo kwenye bolti za kifuniko cha difu hakipo, weka vigingi magurudumu ya mbele, nyanyua gurudumu moja la nyuma, liweke juu ya stendi, toa gia na uachie breki ya mkono. Piga alama ya chaki kwenye tairi na kwenye propela (shafti inayotoka giaboksi hadi difu), kisha zungusha gurudumu hilo mizunguko 2 kamili huku ukihesabu propela. Ni miwili kwa sababu gurudumu la upande wa pili limesimama, na difu ya kawaida hapo inakupa nusu tu. Propela ikipita 4 kidogo, ni 4.10. Ikizunguka 3 na karibu robo tatu, ni 3.73.

Sasa tairi. 265/70R17 ina kipenyo cha milimita 803 hivi. Inchi 35 ni milimita 889. Zidisha 3.73 kwa 803, gawa kwa 889, unapata 3.37. Yaani bila kugusa boliti hata moja umeshaifanya difu yako iwe ya mbio zaidi kuliko ilivyotoka kiwandani. Ukiweka 4.10 na tairi hizohizo unapata 3.70, takriban pale gari lilipokuwa mwanzo. Usitegemee gari jipya. Unarudisha tu kilichopotea.

Mizunguko ya injini kwa dakika unaipata hivi: mwendo kwa mita kwa dakika, gawa kwa mzingo wa tairi, zidisha kwa uwiano wa gia uliyoingiza, zidisha kwa difu. Kwa kilomita 100 kwa saa ni mita 1,667 kwa dakika. Mzingo wa tairi ya inchi 35 ni mita 2.79, kwa hiyo gurudumu linazunguka mara 597. Tuseme gia ya tano ni 0.75. Kwa 3.73 injini iko 1,670, kwa 4.10 iko 1,836. Tairi za mwanzo na 3.73 zilikupa 1,849.

Tofauti ya mizunguko 170 inaonekana ndogo, lakini angalia inapoangukia. Injini nyingi za dizeli za pikapu zenye tabo (turbo, inayosukuma hewa ndani ya injini) huanza kutoa nguvu yake nzito kati ya 1,600 na 1,800. Ukiwa 1,670 uko ukingoni. Kipande kidogo cha mlima kinakushusha hadi kilomita 85, injini inaanguka hadi 1,420, tabo inakosa upepo, na wewe bado umekanyaga mafuta. Hapo moshi unakuwa mweusi, joto la ekzosi linapanda, na pampu ya maji inazunguka polepole wakati ndio inahitajika zaidi. Gari likitetemeka kwenye kanyagio na sakafu katika hali hiyo, usiendelee kulilazimisha. Shusha gia.

Na hili la kushusha gia ndilo wengi wanalisahau kabla ya kununua difu. Chukua giaboksi ya otomatiki ya Allison 1000 yenye gia sita: ya tano ni 0.71, ya sita 0.61. Kutoka sita kwenda tano unaongeza asilimia 16. Kutoka 3.73 kwenda 4.10 unaongeza asilimia 10 tu. Mwenye giaboksi ya namna hiyo, au ya gia 8 na 10, anapata zaidi kwa kufunga gia ya juu isiingie kuliko kwa kufungua difu, na halipi kitu. Kwa manyuo (giaboksi ya kubadili gia kwa mkono) ya gia tano mambo ni tofauti. Kutoka 0.75 kwenda gia ya nne ya 1.00 ni theluthi nzima: ya tano haivuti, ya nne inapiga kelele kwa 2,227. Hapo 4.10 inaifanya gia ya tano ivute tena. Inakusaidia pia kwenye gia ya kwanza na ya rivasi, maana kurudisha trela nyuma kwenye mwinuko ndiko kunakounguza klachi haraka kuliko safari yoyote.

Kwa hiyo msimamo wangu: manyuo yenye tairi za inchi 35 na tani 3, weka 4.10. Otomatiki ya gia sita au zaidi, acha 3.73, labda iwe inahangaika kupanda na kushuka gia kila dakika hata ukiifungia ya juu. Ukirudisha tairi za kawaida, 3.73 inatosha. Sishauri 4.56 kwa kazi hii. Pinioni yake katika seti ya 41 kwa 9 ina meno 9 tu, kichwa chake ni kidogo, na mzigo mzito unahitaji pinioni nene. Na difu yoyote haiongezi uwezo wa breki, fremu wala ndoano ya trela. Uzito ulioandikwa kwenye kibati cha gari unabaki uleule.

Ukiamua kubadili, uliza mapema kuhusu keria, yaani kasha la ndani ya difu linalobeba kraunwili. Kwenye difu ya aina ya Dana 60 keria moja inabeba 4.10 kushuka chini na nyingine 4.56 kwenda juu, hivyo yako inabaki. Kwenye Dana 44 mpaka uko kati ya 3.73 na 3.92, hivyo utahitaji nyingine. Kama gari ni fowili (linaloweza kuvuta kwa magurudumu yote manne), difu ya mbele ibadilishwe pia, maana 4.10 nyuma na 3.73 mbele ukiingiza fowili kwenye lami, kitu kitavunjika.

Kazi yenyewe inaharibikia kwenye pinioni. Kwenye difu nyingi kuna bushi nyembamba kati ya beringi zake mbili ambayo inabonyea unapokaza nati. Kaza kidogo, zungusha pinioni, pima uzito wa kuzunguka, kaza tena. Ukipitiliza usilegeze nati kurudisha, maana bushi haivimbi tena. Toa, weka mpya. Nafasi kati ya meno ya kraunwili na pinioni kwa seti nyingi ni milimita 0.15 hadi 0.25, lakini fuata karatasi ya seti yako. Kisha paka rangi ya kupimia kwenye meno matatu au manne, zungusha huku mtu akizuia kraunwili, utazame alama. Iwe katikati ya jino. Ikizama kwenye shina, pinioni iko ndani mno. Ikipanda kwenye ncha, iko nje mno. Hilo linarekebishwa kwa shimu (vibati vyembamba vya kujazia nafasi) za pinioni. Fundi asiyekuonyesha alama hiyo kabla ya kufunga kifuniko, usimlipe bado.

Jaza oili ya gia ya daraja la GL-5. Kwa kuvuta mzigo, yenye uzito wa 75W-140 inafaa pale mtengenezaji anapoiruhusu. Safari ya kwanza iwe ya dakika 20 bila mzigo, kisha acha difu ipoe kabisa. Endesha kilomita 800 bila trela, mwaga oili, tazama sumaku ya kizibo: unga laini wa kijivu ni kawaida, vipande vinavyokwaruza kidole si kawaida. Mlio wa kuvuma unaokuja ukikanyaga mafuta na kupotea ukiachia ni alama ya meno iliyokosewa, na oili nzito haitauponya. Spidomita inayosoma kutoka kwenye giaboksi nayo irekebishwe kwenye kompyuta kwa difu na tairi, vyote viwili kwa pamoja, la sivyo otomatiki itabadili gia kwa mwendo usio sahihi.