Jibu: Mzazi ana sauti kwenye chakula cha shule?

Dada, pole. Umeuliza kama mzazi ana sauti yoyote kwenye chakula cha shule za umma hapa Marekani, maana mwanao anarudi na njaa kila siku. Unayo, tena kisheria. Tangu sheria ya 2004, iliyotiwa nguvu zaidi mwaka 2010, kila wilaya ya shule iliyo kwenye mpango wa taifa wa chakula cha mchana lazima iwe na sera ya ustawi wa wanafunzi, yaani kanuni zake za maandishi kuhusu chakula na afya shuleni, na wazazi waruhusiwe kushiriki kuiandika na kuipitia. Iombe ofisini kwao uisome.

Ila kwanza omba ruhusa ukaketi naye siku moja wakati wa kula. Mimi nilikwenda. Foleni ndefu, binti yangu anafika mezani, anahangaika kufungua pakiti ya maziwa, anang'ata tufaha mara mbili, kengele hiyo. Chakula kilikuwa kizuri tu, muda ndio haukutosha! Hilo ndilo nililolipeleka kwenye kamati inayopitia sera hiyo, na linaniuma mpaka leo, kwa sababu sheria ya taifa haiweki idadi ya chini ya dakika za kula. Mwenye kubanwa ni wilaya.

Mwambie pia mwanao kwamba shule nyingi hazimlazimishi mtoto kuchukua kila kitu: aina 3 kati ya 5 za chakula (tunda, mboga, nafaka, nyama au mbadala wake, na maziwa) zinatosha, mradi mojawapo ni tunda au mboga. Kama kuna chakula kinachomdhuru, peleka barua ya daktari, wambadilishie.