Kabla hujauliza tabianchi imemgharimu kiasi gani: ushauri kwa watafiti wa Unguja na Pemba

Anayeandika tasnifu juu ya athari za tabianchi kwa kaya za Zanzibar aghalabu huanza na dodoso. Ningemwomba aliweke pembeni kwanza. Achague shughuli moja ya kipato, iwe mwani, mpunga au karafuu, kisha aandike kwa maneno ya kawaida joto, mvua au chumvi inapita njia gani mpaka ifike kwenye fedha ya nyumba. Ukiijua njia hiyo utajua upime nini, lini, na umuulize nani. Usipoijua utarudi mjini na majedwali mengi yasiyoweza kutenganisha jua na bei.

Chukua mwani. Kilimo chake cha biashara kilianza pwani ya mashariki ya Unguja mwaka 1989, na wakulima wake wengi ni wanawake. Aina zinazolimwa ni mbili: spinosamu, yenye bei ya chini lakini ngumu kidogo, na kotoni, yenye bei nzuri lakini haivumilii maji ya moto. Maji yakipata joto matawi ya kotoni huwa meupe, hulainika na kukatika, mbegu ikapotea. Sehemu nyingi za Unguja kotoni imeshindikana, na wakulima wamebaki na spinosamu. Hasara kubwa basi haiko kwenye kilo peke yake, iko kwenye kubadilisha aina. Dodoso linalouliza "Umevuna kilo ngapi za mwani?" bila kuuliza za aina gani limeupoteza mlango mkuu ambao joto limepitia.

Uliza kwa vipimo vya kazi yenyewe: kamba ngapi zilipandwa, kila kamba ina pima ngapi, ngapi zilivunwa, ngapi zilikatika au kuchukuliwa na mawimbi, na mwani ulikaa majini siku ngapi (kwa kawaida ni kama wiki 6). Uliza kwa bamvua (siku za maji makubwa, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu), usiulize kwa mwezi wa kalenda, kwa sababu kazi ya mwani huenda na bamvua na kumbukumbu ya mkulima imepangwa hivyo hivyo. Tenganisha mwani mbichi na mkavu kwenye safu mbili. Kilo 1 ya mkavu hutoka kwenye kilo 7 hadi 10 za mbichi, kwa hiyo karani mmoja akichanganya vizio, kosa lake ni kubwa kuliko athari yoyote ya joto unayotarajia kuikuta.

Bei nayo ina mambo yake. Soko la dunia la mwani wa aina hizi linatawaliwa na Indonesia na Ufilipino, na bei ya kijiji kama Paje, pwani ya mashariki ya Unguja, hufuata mambo yaliyotokea mbali sana na Paje. Njia nzuri ni kulinganisha vijiji ndani ya msimu ule ule: bei ya aina moja huwa inakaribiana, na kinachobaki ni tofauti ya maji. Hata hivyo nakili bei kutoka kwenye daftari la mnunuzi au la kikundi, kwa kila aina, kila bamvua. Usiikadirie baadaye. Na vijiji vya pwani ya mashariki vina hoteli. Mwanamke aliyeacha mwani mwaka ambao hoteli jirani ilifunguliwa huenda aliitwa na mshahara, hakufukuzwa na joto. Andika mwaka ambao kila chanzo kipya cha kazi kilifika kijijini. Vivyo hivyo mwaka 2020: utalii ulisimama kwa korona, na kaya zikarudi baharini na shambani kwa sababu isiyo ya mvua wala jua.

Sasa joto lenyewe. Vipimo vya setilaiti vya joto la bahari ni vya uso wa maji kwenye miraba ya kilomita kadhaa, na sehemu kubwa ya mraba huo iko nje ya mwamba. Mwani uko ndani, kwenye maji ya goti wakati wa kupwa, na kupwa kwa bamvua kwetu huangukia kati ya saa nne asubuhi na adhuhuri, jua likiwa kali. Wastani wa setilaiti hauioni saa hiyo. Nunua vipimajoto vidogo vya kujirekodi, uvifunge kwenye kigingi usawa wa kamba, uviweke visome kila dakika 30. Kabla ya kuvipeleka viweke vyote kwenye ndoo moja ya maji kivulini kwa saa kadhaa, uandike kila kimoja kinatofautiana na wenzake kwa kiasi gani, na urudie zoezi hilo ukivitoa. Kosa la kawaida ni kipimajoto kubaki hewani maji yakikauka: kinarekodi joto la jua juu ya plastiki, na mchambuzi anaandika kuwa bahari ilichemka. Tumia jedwali la maji kujua saa ambazo mahali pale pamekauka, uzitoe. Waambie pia wenye shamba kile kidude ni nini, la sivyo kitang'olewa, na watakuwa na haki.

Kwa mvua, watu wengi huchukua CHIRPS, makadirio ya mvua yanayotokana na setilaiti na vituo vya ardhini, kwa sababu ni ya bure na inaanzia mwaka 1981. Ni data nzuri, lakini mraba wake una kama kilomita 5.5 kila upande, na Pemba mahali pake papana haifiki kilomita 25. Ina maana kisiwa kizima kwa upana ni miraba minne hivi, na ya pembeni imechanganyika na bahari. ERA5, data ya hali ya hewa ya dunia nzima inayokokotolewa kwa modeli ya kompyuta, ni mbaya zaidi kwa kazi hii: mraba wake mmoja ni mpana kuliko Pemba. Ukiwapa watu wa shehia 40 (maeneo madogo ya utawala, kila moja na sheha wake) mvua zao "tofauti" kutoka kwenye miraba michache namna hiyo, umewapa wote karibu mvua moja. Vituo vya Mamlaka ya Hali ya Hewa vilivyo kwenye viwanja vya ndege, Kisauni na karibu na Chake Chake, vina rekodi ndefu, na ni lazima uzitumie kuhakiki setilaiti. Lakini Kisauni iko magharibi ya Unguja, upande wenye mvua nyingi na udongo wa kina, wakati Makunduchi na Jambiani ziko uwandani kwenye mawe. Weka vipimamvua vya kawaida kwenye skuli za vijiji ulivyochagua, na mpe mwalimu mmoja daftari na posho ndogo asome kila siku saa tatu asubuhi. Bila posho, siku za mapumziko hazitasomwa, na siku isiyosomwa ikiandikwa sifuri itaharibu mwezi mzima. Acha nafasi wazi pale ambapo hakuna kipimo.

Kuna jambo la kalenda ambalo vitabu vya mbinu vilivyoandikwa ughaibuni haviligusi. Matumizi ya kaya zetu hubadilika sana Ramadhani na sikukuu, na Ramadhani hurudi nyuma kama siku 11 kila mwaka wa miladi. Mwaka 2016 ilianza Juni, masika yameisha. Mwaka 2024 ilianza Machi, masika yakiingia. Ukiwa na data ya miaka minne au mitano, Ramadhani inatembea pamoja na msimu, na kuweka kidhibiti cha mwezi wa miladi hakuiondoi. Weka tarehe kamili ya kila mahojiano, uibadilishe kuwa ya Hijria, na uwe na alama ya Ramadhani, ya wiki ya Idi na ya siku saba zinazofuata. Kama unauliza chakula cha "siku saba zilizopita", usiwe na nusu ya kaya ndani ya mwezi na nusu nje yake.

Maji nayo yanaamua utampata nani. Ukienda kijiji cha pwani siku za bamvua saa nne asubuhi, wanawake wako baharini na barazani wamebaki wazee na vijana wasio na kazi. Utawahoji hao, halafu utaandika kuwa hivyo ndivyo jamii inavyoona. Panga mahojiano ya wakulima wa mwani siku za maji mafu, yaani kati ya bamvua na bamvua, maji yasipokupwa sana. Wavuvi nao wana dago, yaani kuhamia kambi za uvuvi za mbali kwa msimu: miezi fulani kaya nyingi za wavuvi hazina wanaume kabisa. Orodha ya wanakaya iwe na safu ya aliyeko dago na tarehe aliyoondoka, kwa sababu fedha anayotuma ni sehemu ya namna kaya inavyokabili msimu mbaya. Na mke ahojiwe peke yake, na mwanamke mwenzake. Mali ya mke ni yake, kipato cha mwani ni chake, na mume mara nyingi hakijui kwa hesabu. Wala si kazi yako kumjulisha.

Kwenye sampuli, ubanaji wa fedha husukuma watu kuchukua shehia chache na kaya nyingi kila shehia. Fanya hesabu kwanza. Kaya 300 kutoka shehia 15, yaani 20 kila moja, na kaya za shehia moja zikifanana kwa kiwango cha 0.1, uzito wa kufanana, yaani mara ngapi kufanana huko kunapunguza thamani ya sampuli, ni 1 + 19 × 0.1 = 2.9. Kaya zako 300 zina thamani ya kaya kama 103. Ukienda shehia 30 na kuchukua 10 kila moja, uzito unashuka hadi 1.9, na kaya zile zile 300 zina thamani ya 158. Nauli itaongezeka, lakini taarifa imeongezeka kwa nusu. Kwa tabianchi tofauti hii ni kubwa zaidi, maana mvua haiwapati majirani kila mmoja kivyake. Ukilinganisha sensa, kumbuka kuwa shehia kadhaa ziligawanywa, na Wilaya ya Magharibi ikawa Magharibi A na B: wilaya 10 za mwaka 2012 ni 11 mwaka 2022. Tengeneza jedwali la kuoanisha majina ya zamani na mapya kabla hujachora ramani yoyote.

Mpunga unahitaji tahadhari ya aina yake. Mabonde ya Pemba yanayoingiliwa na maji ya bahari, kama ya Kisiwa Panza, hutajwa kila mara kwenye ripoti, halafu mtafiti anakokotoa mavuno kwa eka na kukuta hayakushuka. Sababu ni kwamba shamba lililokufa kwa chumvi limeachwa, halilimwi, kwa hiyo halimo kwenye wastani. Yamebaki yaliyo mazuri. Anza na orodha ya mashamba yaliyolimwa zamani, pamoja na yaliyohamwa, umtafute mwenye kila shamba hata kama sasa anauza samaki Wete. Hili linahusu mwani pia: walioacha ndio wenye hadithi unayoitafuta.

Chumvi ipimwe, isikadiriwe kwa macho. Mpunga huanza kupoteza mavuno chumvi ya udongo ikipita desisimensi 3 kwa mita (kipimo cha udongo unavyopitisha umeme), na kila moja inayoongezeka hupunguza kama asilimia 12. Chukua udongo wa sentimita 0 hadi 15 na wa 15 hadi 30, mwisho wa kaskazi kabla mvua haijaosha, na tena katikati ya masika. Sampuli moja ya mwezi Mei itakwambia shamba ni zima. Andika pia kama tuta lilibomoka, kama mikoko ya mbele imekatwa, kama mchanga umechimbwa. Kina cha bahari kinapanda, lakini maji huingia pale yalipofunguliwa mlango, na anayepanga marekebisho anahitaji kujua ni mlango gani.

Karafuu nitaigusa kwa ufupi. Mikarafuu huzaa kwa mizunguko, mwaka mkubwa hufuatwa na miaka midogo, hivyo miaka miwili haitoshi kusema lolote kuhusu mvua. Takwimu za manunuzi ya ZSTC, shirika la biashara la serikali ya Zanzibar linalonunua karafuu, si takwimu za mavuno: magendo yakiwa na faida, karafuu huvuka bahari bila kuandikwa, na serikali ilipopandisha sana bei mwaka 2011 picha ya manunuzi ilibadilika. Mvua nayo huathiri mara mbili, mtini na jamvini. Karafuu iliyonyeshewa siku za kuanikwa hushuka daraja hata kama mti ulizaa vyema, kwa hiyo uliza pishi (kipimo cha ujazo) zilizochumwa, kilo kavu, na daraja. Uliza pia kama mikarafuu ilikodishwa kabla ya mavuno, maana hapo hasara ya mvua ni ya aliyekodi na si ya mwenye shamba.

Kwa vibali, Zanzibar ina utaratibu wake na kibali cha Bara peke yake hakitoshi. Anza mapema, kisha mkoa, wilaya na sheha. Mheshimu sheha, mueleze kila kitu, lakini usimwachie akuchagulie kaya. Orodha yake ina waliohama na haina wapangaji wapya. Pita mwenyewe nyumba kwa nyumba uorodheshe, ndipo uchague kwa bahati nasibu.

Mlangoni kwa mtu usianze na "Mabadiliko ya tabianchi yamekuathiri vipi?" Umeshampa jibu. Anza na msimu uliopita: alipanda nini, nini kilimpata. Sema wazi mwanzoni kuwa hakuna msaada utakaogawiwa kwa majibu haya, kwani msaada ukitarajiwa hasara hukua. Kwa miaka ya nyuma tumia matukio: mvua za Elnino za 1997/98, giza la umeme Unguja la 2008 na lile la mwishoni mwa 2009 hadi 2010, korona, kimbunga Hidaya cha Mei 2024. Giza la umeme lenyewe lilikata kazi za watu, kwa hiyo liwe alama ya kukumbushia na pia kidhibiti kwenye uchambuzi wako.

Data ikikamilika, iondolee alama za mahali kabla ya kumpa mtu yeyote. Kwenye shehia ya Micheweni, "mjane, mwenye mikarafuu zaidi ya 100, mtoto mmoja Oman" ni mtu mmoja, na jirani yake atamjua kabla hajamaliza kusoma mstari. Unganisha shehia ziwe kundi, gawa mali kwa madaraja mapana, futa nukta za setilaiti (GPS) zinazoonyesha nyumba ilipo, na faili lenye majina likae kwenye kifaa kingine chenye nywila.