Maswali ya Wasomaji: Muhula Mmoja Ng'ambo

Barua nyingi tulizopokea mwezi huu zimetoka kwa wanafunzi waliopata nafasi ya kusoma muhula mmoja nje ya nchi, na nyingine kwa wazazi wao. Tumezipanga kwa kufuata safari yenyewe, kuanzia viza hadi wiki za mwanzo chuoni.

SWALI: Shikamooni. Barua ya udahili ninayo, masomo yanaanza Septemba. Nikate tiketi sasa bei ikiwa chini, au nisubiri viza?

JIBU: Marahaba. Subiri viza. Ubalozi ukitaka kuona mpango wa safari, mara nyingi oda ya tiketi hutosha, yaani nafasi iliyoshikwa bila kulipiwa. Ukishindwa kuivumilia bei, nunua tiketi inayoruhusu kubadili tarehe, na usome masharti yake: kubadili tarehe ni jambo moja, kurudishiwa fedha ni jambo jingine kabisa.

Sababu ni kwamba tarehe ya kuingia huipangi wewe. Marekani haimruhusu mwenye viza ya mwanafunzi (F-1) au ya mabadilishano (J-1) kuingia zaidi ya siku 30 kabla ya tarehe ya kuanza iliyoandikwa kwenye fomu ya chuo (I-20 kwa F-1, DS-2019 kwa J-1). Uingereza, mwenye viza ya mwanafunzi ambaye kozi yake haizidi miezi 6 anaruhusiwa kufika wiki 1 tu kabla ya masomo. Kozi ikizidi miezi 6, anapewa mwezi 1. Wa muhula mmoja yuko kwenye ile wiki 1, na wengi hukosea kwa kufuata ushauri wa rafiki aliyekwenda kuchukua digrii nzima.

Kwa nchi za Schengen, yaani zile za Ulaya zenye utaratibu mmoja wa viza na mipaka, viza ya muda mfupi, aina ya C, inatoa siku 90 ndani ya kila siku 180. Muhula wa miezi 4 au 5 hauenei humo. Omba viza ya kitaifa, aina ya D, ya nchi kilipo chuo. Usiombe C kwa matumaini ya kuiongeza ukishafika.

Viza ikitoka, isome palepale dirishani kabla hujaondoka: jina, namba ya pasipoti, siku inayoanza kutumika, na idadi ya kuingia. Ukiona 01 (kuingia mara moja) badala ya MULT (mara nyingi), jua ukitoka nje ya eneo hilo hata kwa matembezi ya wikendi, hurudi kwa viza hiyo.

SWALI: Pasipoti yangu ina majina matatu, tiketi ina mawili. Wakala anasema haina shida.

JIBU: Wakala hatakuwa pale kaunta. Fungua ukurasa wa pasipoti wenye picha, utazame mistari miwili ya chini yenye alama nyingi za <. Baada ya herufi za nchi linatangulia jina la ukoo, kisha alama mbili <<, kisha majina mengine. Tiketi ifuate mgawanyo huo huo, hata kama nyumbani na shuleni majina yako huandikwa kwa mpangilio mwingine. Kukosekana kwa jina la kati mashirika mengi huvumilia. Jina la ukoo likikaa mahali pasipo pake ndipo mgogoro huanza. Omba marekebisho mapema, kwa sababu tiketi ikishagawanyika kwa mashirika mawili, kila moja litakutuma kwa mwenzake.

Ukikuta majina yamegandana na mwishoni kuna MS au MR, usihangaike. Mifumo ya tiketi ndivyo inavyoandika.

SWALI: Ndege yangu ni tarehe 5, saa 00:30. Nifike uwanjani tarehe 5 jioni?

JIBU: La! Utakuta ndege imeondoka tangu usiku uliotangulia. Tiketi huhesabu saa 24, na tarehe hubadilika usiku wa manane. 00:30 ni saa sita na nusu ya usiku wa kuamkia tarehe 5, kwa hiyo uwanjani unafika tarehe 4, saa tatu usiku. Kosa hili limewalaza wengi nyumbani na mabegi yao.

Jihadhari pia na 06:15, ambayo kwetu ni saa kumi na mbili na robo asubuhi. Anayeisoma "saa sita na robo" ameikosa ndege kwa saa 6 kamili. Alama ya +1 kando ya saa ya kufika maana yake unafika kesho yake. Mwambie hivyo anayekuja kukupokea. Na saa zote kwenye tiketi ni za mahali husika, kwa hiyo usizitoe moja kwa nyingine ukadhani umepata muda wa kukaa angani.

SWALI: Nimepata tiketi mbili za mashirika tofauti, jumla yake nafuu sana. Kati ya ndege na ndege kuna saa 2. Zinatosha?

JIBU: Zingekuwa tiketi moja, huenda zingetosha. Kwa tiketi mbili, hapana.

Tiketi ikiwa moja, yaani safari nzima iko chini ya namba moja ya oda yenye herufi na tarakimu 6, ndege ya kwanza ikichelewa shirika lina wajibu wa kukutafutia nyingine. Tiketi zikiwa mbili, shirika la pili halikujui mpaka ufike kaunta yao. Ukichelewa unaandikwa kuwa hukutokea, na kwa kawaida sehemu zilizobaki za tiketi hiyo, pamoja na ile ya kurudi, hufutwa.

Kuna mzigo pia. Kwa tiketi mbili mara nyingi begi linaishia kituo cha kati. Itabidi upite uhamiaji ulichukue, utoke nje, upange foleni ya kulikabidhi upya, urudie ukaguzi wa usalama. Hiyo ni kuingia nchi, na huenda inataka viza ya nchi ambayo wewe huna haja nayo. Aliyeona bei tu halioni hilo.

Hata kwa tiketi moja, tazama kipande cha karatasi kinachofungwa kwenye mpini wa begi. Herufi 3 kubwa zilizochapwa hapo ziwe za uwanja wa mwisho: FRA kwa Frankfurt, LHR kwa Heathrow. Zikiwa za kituo cha kati, uliza kabla begi halijasogea kwenye mkanda. Marekani ndiyo yenye utaratibu wake: kwa kawaida unachukua begi kwenye uwanja wa kwanza wa kuingilia, unapita nalo forodha, kisha unalikabidhi tena, hata kama tiketi ni moja. Hapo usikubali chini ya saa 3. Schengen nayo hukukagua pasipoti uwanja wa kwanza wa kuingilia, si wa mwisho, kwa hiyo foleni ya uhamiaji iko katikati ya safari.

SWALI: Powabenki ya 30,000 mAh inaruhusiwa? Na begi likizidi uzito kidogo?

JIBU: Powabenki haiingii kamwe kwenye begi la kukabidhi, kwa sababu betri ya lithiamu ikishika moto chini kwenye shehena hakuna wa kuiona mapema. Kwa ya mkononi hesabu ni hii: zidisha mAh kwa volti za betri, ambazo kwa kawaida ni 3.7, kisha gawa kwa 1,000. Jibu ni wati-saa (Wh), kipimo cha nishati ya betri. Ya 20,000 inatoa 74 Wh, unapita. Ya 30,000 inatoa 111 Wh, imevuka kikomo cha 100 na inahitaji kibali cha shirika. Kati ya 100 na 160 mwisho ni mbili. Iliyofutika maandishi hunyang'anywa, kwani mkaguzi hana cha kusoma. Mashirika kadhaa sasa yanakataza hata kuitumia ndege ikiwa angani.

Kuhusu uzito, kikomo cha kawaida ni kilo 23 kwa begi, na likivuka kilo 32 wapakiaji wengi hawaligusi hata ukilipa. Mizani ya kuning'iniza mkononi ni ununuzi wa maana kuliko begi jipya. Acha mashuka na mito. Hivyo vinapatikana huko. Chaja za simu na kompyuta zisome kwa nyuma: zikiandikwa 100–240V unahitaji adapta ya plagi tu. Pasi au kikausha nywele cha 120V ukikichomeka kwenye 230V, kitaungua.

SWALI: Mimi ni mzazi. Binti yangu anaondoka mwezi ujao. Nihakikishe nini kimo kwenye begi lake la mkononi?

JIBU: Mzazi, karatasi kwanza, na ziwe karatasi kweli, kwa maana simu huzima chaji kwenye foleni ya uhamiaji bila kumwonea mtu haya. Pasipoti, barua ya udahili au fomu ya chuo, uthibitisho wa malazi wenye anwani kamili, ushahidi wa fedha, bima ya afya, na tiketi ya kurudi kama anayo. Cheti cha chanjo ya homa ya manjano kiwepo ikiwa nchi anayokwenda au anayopitia inakidai. Chanjo huanza kuhesabika siku 10 baada ya kuchomwa, na tangu Julai 2016 cheti hicho ni cha maisha.

Dawa zikae kwenye pakiti zake za asili pamoja na barua ya daktari inayotaja jina la kitaalamu la dawa, si la biashara. Japani, kwa mfano, inakataza baadhi ya dawa ambazo kwingine huandikwa na daktari bila shida, zikiwemo zenye amfetamini.

Na lile linalosahaulika kuliko yote: laini ya simu ya nyumbani. Benki hutuma namba ya siri ya kuthibitisha malipo kwenye laini hiyo. Asiifunge wala asiitupe. Awashe huduma ya kupokea ujumbe nje ya nchi kabla ya kuondoka, na ajaribu malipo moja madogo mapema.

SWALI: Mkanda wa mizigo umesimama, begi langu halipo. Nifanye nini?

JIBU: Usitoke kwenye ukumbi ule. Nenda dawati la mizigo, onyesha kile kipande cha namba ulichopewa, na udai ripoti iitwayo PIR. Itakuwa na namba ya kumbukumbu, kwa kawaida herufi 5 na tarakimu 5. Andikisha anwani ya malazi, si ya chuo tu. Tunza risiti za nguo na vitu vya lazima utakavyonunua.

Mkataba wa Montreal wa 1999 unakupa siku 7 kulalamika kwa maandishi begi likija limeharibika, na siku 21 tangu ulipolipokea likija limechelewa. Lisipoonekana kwa siku 21, unaweza kudai kama lililopotea. Ripoti ya mdomo haihesabiki.

SWALI: Nikishafika, kuna haraka yoyote?

JIBU: Ipo. Ujerumani unajiandikisha makazi ndani ya wiki 2 tangu kuhamia, na ofisi itadai fomu yenye saini ya mwenye nyumba. Muulize kabla hujalipa kama ataisaini, maana wengine wa vyumba vya muda hukataa. Italia, anayekaa zaidi ya siku 90 huomba kibali cha ukaazi ndani ya siku 8 za kazi, kupitia posta. Ufaransa, viza ndefu ya mwanafunzi aina ya VLS-TS huthibitishwa mtandaoni ndani ya miezi 3.

Kisha masomo. Muhula kamili Ulaya ni krediti 30 za ECTS, mfumo wa vyuo vya Ulaya wa kuhesabu uzito wa kozi. Kozi ulizoandika kwenye makubaliano ya masomo hubadilika wiki ya kwanza: nyingine haifundishwi, nyingine inagongana na ratiba. Ukibadilisha, fomu mpya isainiwe na wewe, chuo chako na chuo mwenyeji, mara moja, wala si mwisho wa muhula. Omba pia muhtasari wa kila kozi wenye idadi ya saa na mada zake, uuhifadhi. Mwalimu wa chuo chako atakapoulizwa kama kozi ile inalingana na yake, hiyo ndiyo karatasi atakayoidai.