Waliasi, hawakutii au walikaidi?

SWALI: Mimi ni mwalimu wa shule ya Jumapili. Naandaa masomo ya imani na utii kutokana na safari ya wana wa Israeli jangwani. Mwenzangu amepitia daftari langu, na kila nilipoandika "waliasi" amefuta akaweka "hawakutii", eti kuasi ni kwa watu wa bunduki. Je, kuasi, kutotii na kukaidi si kitu kimoja? Halafu kipi ni sahihi, "kutoamini" au "kutokuamini"? Watu walinungunika mno, mpaka nimechoka kuandika hilo neno! – Msomaji, Mbeya

JIBU: Mwalimu, mwenzako namwelewa. Kila jioni redio inataja waasi wa mashariki mwa Kongo, kwa hiyo neno limeanza kunuka baruti. Lakini ukienda pwani utasikia mtoto "amemuasi mzazi wake", na "maasi" ni madhambi ya kawaida kabisa ambayo mtu huyatubia bila kuwahi kushika hata manati. Usikubali habari zikunyang'anye neno.

Maneno haya matatu si kitu kimoja, na bahati nzuri safari yenyewe inatupa mfano wa kila moja.

Kutotii ni kutofanya ulichoagizwa, basi. Inaweza kuwa uvivu, woga au tamaa. Katika Kutoka 16 watu waliambiwa wasibakize mana mpaka asubuhi; wengine wakabakiza, ikaingia mabuu na kunuka. Hapo "hawakutii" linatosha. Ukiandika "waliasi" kwa sababu ya kiporo, umepiga chuku.

Kuasi kuna uzito mwingine. Anayeasi anamkataa mwenye amri, wala haishii kwenye amri yenyewe. Soma Hesabu 13 na 14. Wapelelezi 12 wamerudi baada ya siku 40, kumi wamewatia watu hofu, na usiku kucha ni kilio. Kisha watu wanaambiana wajiwekee kiongozi wao warudi Misri. Biblia ya Union Version inamwita kiongozi huyo "akida", neno ambalo wazee wa Tanganyika walilijua vizuri tangu enzi za Mjerumani. Anayetafuta akida wake mwenyewe amekwisha kuasi, hata kama hajapiga hatua moja. Ndiyo maana Yoshua na Kalebu wanawasihi wasimwasi Bwana. Ukibadilisha hapo ukaweka "msikose kumtii", sentensi inalegea kama kamba iliyoloa.

Na kukaidi? Ni kushupalia jambo ulilokatazwa, huku umeonywa kabisa. Watu wale wale waliokataa kupanda mlimani walipoamriwa, walipoambiwa sasa hawaingii, watatangatanga miaka 40, waliamka alfajiri wakapanda! Musa akawakataza, yeye na sanduku la agano hawakutoka kambini. Waamaleki na Wakanaani wakawapiga mpaka Horma. Huo ndio ukaidi wenyewe, wa "mkaidi hafaidi mpaka siku ya Idi". Sijui mfano mzuri kuuzidi huu wa kumfundishia mtoto maana ya neno hili.

Sasa niguse ambacho mwenzako hakukigusa, na kwangu ndicho kikubwa zaidi. Umeandika "Waisraeli hawakuwa na imani". Kwa masikio ya wengi, "hana imani" ni mtu katili, asiye na huruma. Ndiyo maana tunasema "nionee imani". Tena, "hawakuamini" peke yake kunaweza kueleweka kwamba walitilia shaka kuwapo kwa Mungu. Haiwezekani: nguzo ya wingu waliiona kila siku. Walichoshindwa ni kumtegemea. Kwa hiyo andika "hawakumwamini Mungu". Hiyo "-mw-" ndogo ndiyo inayobeba somo lako, maana inamhusisha anayeaminiwa.

Ila usije ukawaambia watoto kwamba kutomwamini ni kosa moja na kuasi ni jingine, kila moja na ukurasa wake. Tazama Musa kule Meriba, Hesabu 20. Aliagizwa auambie mwamba utoe maji. Akakasirika, akawaita watu "waasi", akaupiga mwamba mara mbili kwa fimbo. Katika mstari wa 12 anaambiwa yeye na Haruni hawakumwamini Mungu. Katika mstari wa 24, kwa tendo lile lile, wanaambiwa waliasi. Neno alilowarushia wenzake likamrudia mwenyewe. Kilugha maneno mawili yametofautiana; katika tendo yamekutana. Hapo ningekaa na darasa muda mrefu kuliko kwenye ndama wa dhahabu, ambaye kila mtu anamjua.

Kuhusu "kutoamini" na "kutokuamini": yote mawili yanakubalika. Vitenzi vya silabi moja ndivyo vinavyoshikilia "ku" kwa lazima: kutokula, kutokuja, kutokunywa. Vingine vinaweza kuiacha: kutosoma, kutotii. "Kutokuamini" utaikuta Waebrania 3:19 katika Union Version, na kwa kusoma kwa sauti naipendelea, kwa sababu watoto wanaoanza kusoma wakiona "kutoamini" husoma "kutoa" kwanza. Chagua moja, usichanganye daftari zima.

La mwisho hukuliuliza. Ni "walinung'unika", kwa ng' ya ng'ombe, si ng ya ngoma. Na kama umechoka nalo, usikimbilie "walilalamika" kila mahali. Kulalamika kunaweza kufanywa waziwazi mbele ya mhusika. Manung'uniko mara nyingi ni ya chini kwa chini, na Kumbukumbu la Torati 1:27 linasema watu walinung'unika hemani mwao. Palipo na malumbano ya wazi na Musa, kama pale walipodai maji katika Kutoka 17, "waligombana naye" litakufaa.